Kabila la Wabenzi

Mwinchande alipofika makaburini, alikuta ameshatengewa kiti kivulini. Tangu anunue gari la Benzi, kila msiba ulikuwa hivyo: yeye kiti na chupa ya maji, wenzake wakipokezana jembe. Mtaani walimwita Mbenzi. Neno lenyewe lilizaliwa kama utani wa watembea kwa miguu: wenye magari hayo wana mila zao na hawachangamani na mtu, basi nao ni kabila, waitwe Wabenzi. Na mtu wa kabila la mbali ni mgeni. Mgeni hachimbi kaburi.

Lakini leo aliyekufa alikuwa Shomvi, waliyelelewa naye nyumba moja. Mwinchande alivua koti, akakunja mikono ya shati, akasogea ukingoni mwa shimo.

"Utachafuka, bwana mkubwa," Pazi, mmoja wa wachimbaji, alimwambia kutoka chini. "Kaa tu, tunamaliza."

"Shomvi alikuwa akiniitaje?"

Pazi akasita. "Mwincha."

"Basi na wewe niite hivyo, unipe hilo chepe."

Pazi aliviangalia viatu vyake vinavyong'aa, kisha akamnyooshea chepe. "Haya, Mwincha. Ila ukizimia humu, tunawafukia wote wawili."

Waliokuwa karibu wakacheka kile kicheko cha chini cha msibani. Mwinchande akashuka, kifua kikiwa chepesi ajabu. Chepe la kwanza alilirusha vibaya, udongo ukamrudia usoni na mdomoni. Hakuufuta.