Mnana Kwenye Mgomba

Jua lilikuwa limetoka Soweto, Mbeya, baada ya wiki nzima ya ukungu. Waridi, aliyekuwa amekaa eda, alitoka uani na kamera ya marehemu mumewe, akamvizia mnana aliyekuwa akichana jani la mgomba. Ndege aliponing'inia kichwa chini, uzi wa kijani mdomoni, Waridi akampiga picha huku akicheka kwa sauti.

Wifi yake akatokea mlango wa jikoni. "Kaka yangu hana hata miezi miwili kaburini, wewe unacheka na ndege. Majirani watasemaje? Lete hiyo kamera."

Waridi akaupitisha mkanda wa kamera shingoni, juu ya ushungi wake mweupe.

"Nimekatazwa kutoka nyumbani, wifi. Kufurahi sijakatazwa. Sasa sogea kidogo, unanizibia ndege."