Mkwaruzo Chini ya Kiganja

Sensa mpya, kile kifaa kidogo cha kupima mwendo wa injini, iliniponyoka tena, na kibati cha nyuma ya injini kikanikwaruza chini tu ya kiganja. Hakuna mkono unaoingia pale ukatoka mzima.

Nilitaka kulia, si kwa uchungu, kwa uchovu. Jana nilirudi nyumbani Lucky Summer, hapa Nairobi, kutoka Juba, na leo tajiri wa lori anataka nigeuze nirudi huko. Lakini lori lililala hapa nje ya ploti tunakopanga, na asubuhi likakataa kuwaka. Nikajua ni sensa ya injini imekufa.

Simu ikalia. Ni tajiri. Niliiacha ilie.

"Baba, hebu toka hapo," alisema Nafula, mke wangu, aliyekuwa amenimulikia tochi. "Mkono wako mnene. Wacha mimi nijaribu."

Akakunja mkono wa sweta. Chini ya kiganja chake palikuwa na mkwaruzo kama wangu, mrefu vile vile, ila wake ulikuwa umeshakauka, kama wa usiku wa jana.

Aliona nimeuona. Hakuuficha.

Simu ikalia tena. Nilipangusa grisi kwa suruali, nikaipokea.

"Tajiri," nilisema, "hii si kazi ya leo."

Nafula akazima tochi.