Mlango wa Jikoni

Zawena aliingia jikoni akicheka.

"Mama, wamenichukua! Jumatatu naanza kufundisha darasa la kwanza."

"Hongera, mwalimu wangu. Shule yenyewe iko wapi?"

"Ng'ambo ya milima. Nitakaa hukohuko."

Mama aliendelea kupepeta mchele. Tangu masika, Zawena alikuwa akijizoeza kufundisha humo jikoni. Mlango ulikuwa ubao, na mama, ambaye hakuwahi kukanyaga shule, alikuwa darasa zima. Aliitikia kwa sauti kubwa, na akikosea alitishiwa mwiko, wakacheka wote wawili.

Zawena alichukua kitambaa kibichi ili aufute mlango.

"Usifute," mama alisema.

"Mazoezi yamekwisha, mama. Kazi nimeshapata."

"Wewe umemaliza. Mimi nimefika nusu ya herufi."

Zawena aligeuka. Mama alikuwa ameweka ungo chini, ameketi wima juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kidole amekinyoosha juu kama mtoto anayeomba ruhusa ya kusema.

Zawena alipapasa mfukoni. Chaki iliyobaki ilikuwa ndogo kama punje ya hindi.