Uliye Naye Nyumbani

Siku ya kwanza kutoka nje baada ya eda ya mumewe, Bi Mwanakheri alikwenda duka la samaki wa mapambo. Muuzaji alijaza maji kwenye mfuko wa nailoni, akampa aushike.

"Si kila samaki hukaa na mwenziwe," alisema. "Uliye naye nyumbani ana tabia gani?"

"Mpole," alijibu Bi Mwanakheri. "Hapendi makelele. Ukimwekea chakula hagusi mpaka nawe uketi."

Muuzaji akaduwaa. "Samaki huyo, mama?"

Bi Mwanakheri aliyasikia maneno yake mwenyewe, kama sauti ya jirani ng'ambo ya ukuta.

"Samaki hamna. Limebaki tangi la marehemu mume wangu tu."

"Basi chagua yeyote. Hatakuwa na wa kugombana naye."

Bi Mwanakheri aliendelea kuushika mfuko, akiyatazama maji yalivyotulia.