Lugha ya Maneno Tisa

"Hakuna mkono wa mtu hapa, Bi Riyama. Hata kidole," Hafiz alisema, kifua mbele kama bwana harusi. "Mimi naandika, mashine inashona. Na lugha yangu haikosei."

Lugha hiyo aliitunga mwenyewe, miezi minane, kwenye chumba hiki hiki cha ghorofani, mtaa wa Malindi. Lugha za kompyuta zilizopo zinajua kurusha roketi, lakini hakuna hata moja inayojua kofia ya viua, ile ya kushonwa vitundu vya maua. Yake ilikuwa na maneno tisa tu: toboa, ruka, geuka, rudia, na ndugu zao watano.

Bi Riyama alikuwa anatafuta kijana mmoja wa kumpa ofisi ya bure mwaka mzima kwenye kituo cha wabunifu, Mbweni. Wawili alishawakataa asubuhi ile.

"Haya, nshonee ua moja la ncha sita. Nkiona."

"Kuona ndiyo taabu. Mashine iko chumba cha pili, nyuma ya pazia lile, haipendi vumbi."

"Vumbi langu mimi?"

"La mji mzima, Bi Riyama. Wewe umekuja nalo kidogo tu."

Bi Riyama akacheka, akakaa. Hafiz akaandika mistari saba, akabonyeza. Nyuma ya pazia kitu kikalia *ting*.

"Imepokea," akasema, akijifuta jasho la kipaji cha uso.

Ngurumo ya cherehani ikaanza. Bi Riyama akamaliza kikombe cha kahawa, akamaliza na cha pili, kashata zote zikenda.

"Mashine yako haina haraka."

"Haitaki kulipua kazi."

Mara umeme ukakatika. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama. Kompyuta ya mezani ikazimika na mistari yake saba. Nyuma ya pazia ngurumo ikaendelea vilevile.

"Ile ina betri," Hafiz akawahi.

Bi Riyama akainamisha sikio, akalitazama lile pazia kwa muda, kisha akaliweka buibui lake sawa na kuita kwa adabu zote:

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mashine ikajibu. "Hebu mwambie Hafiz mstari wa nne kasahau kugeuka. Ningemfuata yeye, ua hili lingefika Mkokotoni."