Mji wa Bi Mwanakombo

Bi Mwanakombo alipika uji wa watu watatu, maana wanawe walikuwa uani wakiing'oa injini ya gari la marehemu baba yao. Walikuwa wameifunga mnyororo kwenye boriti ya kibanda, wakaivuta hadi ikaning'inia ikidondosha oili.

"Mkishaweka mpya mnipeleke mjini kwa daktari wa macho, kama mlivyoniahidi," alisema. "Ukungu umezidi, wanangu."

"Kunywa uji, mama," alijibu Shomari, mkubwa.

"Na hiyo mpya iko wapi? Au ndiyo macho yenyewe haya?"

Kibwana, mdogo, alijikuna shingo. "Hakuna mpya, mama. Tunagawana urithi. Kaka anatia injini kwenye mashine yake ya kusaga. Mimi nachukua bodi, nifanye kibanda cha chipsi."

Bi Mwanakombo akaweka vikombe chini.

"Kitendawili," akasema, kama enzi za utoto wao.

"Tega," wakajibu kwa mazoea.

"Nimezaa madereva wawili, naenda kwa miguu."

Walitazamana. Jibu walilijua, ila hakuna aliyetaka kulitamka.

"Tumeshindwa, mama."

"Basi nipeni mji."

"Tunakupa. Chagua wowote."

"Nautaka ule wenye daktari."

Akapapasa mlango wa gari, akaingia, akakaa kiti cha mbele na kujitanda kanga vizuri, kama abiria. Wanawe wakabaki wameushika mnyororo, injini ikiyumba taratibu kati yao na uso wa mama yao.