Balozi wa Mahema

Hema lilianguka mara ya saba. Verlene akapiga magoti kwenye theluji ya uani, akachomoa vigingi vyote, akaanza upya.

"Dakika sita na nusu," alisema mumewe, Orrin, aliyesimama mlangoni na saa mkononi. "Vijana wanatumia tatu."

"Basi na mimi nitatumia tatu."

"Una miaka sitini na mbili, Verlene."

"Tangazo linasema umri wowote."

Ni kweli, lilisema hivyo. Kila mwaka Dunmarrow, kampuni ya mahema na mabuti, ilimchagua mtu mmoja awe balozi wake. Alipewa gari lenye kitanda ndani, akazunguka milima ya Idaho kuanzia Mei mpaka theluji ianze kushika, akilala nje, akipiga video na kuwaonyesha watu bidhaa. Hakuna kijana wa milimani asiyeiota kazi ile. Waombaji walipita elfu tatu, na kila mtu alijua kwamba "umri wowote" maana yake ni miaka ishirini na mitano, meno meupe na magoti mazima.

Magoti ya Verlene hayakuwa mazima. Kwa miaka thelathini alikuwa mpishi wa shule, kutwa amesimama kwenye sakafu ya saruji. Sasa, tangu Novemba, kila asubuhi alipanda kilima cha nyuma ya mji na kilo kumi na tano za viazi mgongoni. Orrin alikuwa akimkuta kwenye ngazi, ameng'ata kitambaa ili majirani wasimsikie.

"Huko hakuna kitu, mke wangu," alimwambia siku moja, akimkanda magoti. "Hata wakikupa hiyo kazi. Hakuna kitu huko."

Verlene aliendelea kujaza fomu. Kwenye nafasi ya jina la ukoo hakuandika la mumewe. Aliandika Lindqvist, la baba yake. Orrin aliliona. Akainuka, akaenda kunawa mikono yenye mafuta, na bomba likabaki wazi kwa muda mrefu.

Masharti yalitaka video, iwekwe mtandaoni watu waione. Verlene alijipiga akisimamisha hema kwenye upepo. Lilimwangukia mara moja, akalisimamisha tena, hakuikata sehemu hiyo. Kufikia jioni watu walikuwa wameshaanza kuandika maoni.

"Bibi, basi la wazee linasimama upande wa pili."

"Huyu akilala nje usiku mmoja tu, asubuhi tunachimba kaburi."

"Jamani, nani kaacha mlango wazi huko kwenye nyumba ya wazee?"

Aliyasoma yote, moja baada ya jingine, kisha akaenda kumenya karoti.

Barua ya Dunmarrow ilikuja Februari, mistari mitatu: asante, tumefurahi, hukuchaguliwa. Orrin aliikunja na kuitia jikoni kwenye moto, akamshika mkewe bega. "Imekwisha," alisema kwa upole. "Tupumzike sasa."

Kesho yake asubuhi Verlene alibeba viazi vyake akapanda kilima.

Wiki mbili baadaye simu ililia. Video ile ilikuwa imesambaa; watu laki mbili walikuwa wamecheka. Mwombaji mmoja alikuwa amejitoa kwenye kumi bora, na kampuni iliona si vibaya kumwita yule bibi wa hema, angalau watu waendelee kutazama. Waliyasema hayo waziwazi. Verlene alisema atakuja.

Kule Boise, kwenye ofisi za kampuni, waombaji tisa walikuwa wamejaa ukumbini, wamechomwa na jua hata katikati ya baridi, wakisimuliana vilele walivyopanda. Msichana mmoja akampisha kiti.

"Umemsindikiza nani, mama?"

"Nimejisindikiza mwenyewe."

Waliomhoji walikuwa wawili, wote wapya, maana waliokuwapo kabla yao waliacha kazi majira ya baridi. Kijana mwenye ndevu nyekundu aliitwa Brody. Bi Whitlow, mkuu wa mauzo, alikuwa na faili mbele yake.

"Nikwambie ukweli, mama," Brody alianza. "Watu wamekupenda. Lakini hii kazi inaua mwili. Ukianguka huko peke yako, utafanyaje?"

"Nitangoja wanaonitafuta," Verlene alisema. "Nitangoja sana."

Brody akacheka, akidhani ni utani. "Una swali?"

"Ninalo. Mnatunza ramani za kambi za mabalozi waliopita? Mahali walipolala, siku kwa siku?"

"Zote tunazo. Balozi mpya anakabidhiwa."

"Mtu mwingine hawezi kuziona?"

"Hapana. Mawakili hawaruhusu. Ni balozi peke yake."

Verlene akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua zamani. Bi Whitlow alimtazama kwa mara ya kwanza kwa makini. Kati ya wote tisa waliotangulia, hakuna aliyeuliza swali la maana namna ile.

"Tuseme kazi ni yako," alisema. "Gari liko hapo nje, tangi limejaa. Unaanzia wapi?"

"Korongo la Sorrel."

Brody aliacha kuandika. Bi Whitlow akalifunga faili polepole.

"Kule hatupeleki mtu tena, mama. Tumelifuta korongo hilo kwenye ratiba. Balozi wetu wa mwaka jana, Oktoba..."

"Najua," Verlene alisema. "Walimtafuta siku tisa, wakarudi. Mwanangu bado yuko kule."